Mzee bado anapiga kazi na hela haitoshi: anza na kilicho chake, mkopo baadae

Watu wengi wakitaka kumsaidia mzee ambae bado anahangaika na kazi, neno la kwanza ni "kwanini asikope aongeze mtaji", na mimi nilikua hivohivo mpaka nilipogundua baba yangu anadaiwa laki tatu na watu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, wakati kuna hela zake za miaka 11 ya ulinzi hakuna mtu amewahi kuzifatilia. Kwaiyo mpangilio wa mwongozo huu ni huu: kwanza kusanya kilicho chake tayari, alafu punguza kinachomtoka, ndo uangalie kuongeza kipato, na mkopo uwe wa mwisho kabisa.

Nimeuandika kwa mtu alieko hapa Dodoma au wilaya za jirani, Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa huko, ambae ana mzazi au bibi au jirani wa miaka 60 na kuendelea anaelinda, anaegonga kokoto, anaeuza ubuyu na karanga, au anaelima kibarua kwenye mashamba ya zabibu ya wenzie. Hata kama we ni mjumbe wa kamati ya mtaa au uko kwenye kikundi cha kanisani au msikitini, itakufaa.

Hatua ya 1: Kaa nae, na usianze na makaratasi

Nenda jioni akiwa ametulia. Shikamoo kwanza, habari za wajukuu, habari za mvua, ukianza kumuuliza namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, kabla hamjamaliza salamu atakuona kama mtu wa sensa na atakujibu kwa mkato. Nunua kaunta buku moja, hilo litakua daftari lake, sio lako, likae kwake.

Andika vitu vinne. Kazi zote alizowahi kuajiriwa hata kama ni za zamani sana, pamoja na mwaka alioanza na aliotoka. Kinachoingia kwa siku au kwa msimu. Kinachotoka, na hapa uliza mpaka ada na sare za wajukuu maana wazee wengi kipato chao kinalisha nyumba nzima. Cha mwisho ni madeni.

Kwenye madeni uwe mvumilivu. Wazee wanaona aibu kusema, baba yangu alinificha miezi sita na nilijua tu siku nilipomkuta hana simu, kumbe kaiacha kwa mtu kama dhamana. Usimgombeze. Ukimgombeza siku hiyo hutaambiwa kitu kingine tena, na ushauri wote unaofata utajengwa juu ya hesabu ambazo sio za kweli.

Hatua ya 2: Jina moja, tarehe moja

Hii ndo inayokwamisha mambo mengi kuliko zote na watu wanaidharau. Mzee kwenye NIDA anaitwa Yohana, kwenye kadi ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni John, kadi ya kliniki wameandika Yohane, jina la ukoo nalo kila ofisi imelisikia kivyake. Vijana wa sa hivi hawalijui hili tatizo lakini wazee wetu walikua wanaandikwa na karani aliekua anasikia tu anachosikia.

Panga kopi zote mezani ulinganishe herufi kwa herufi na tarehe za kuzaliwa. Kama tofauti ni ndogo mara nyingi hati ya kiapo kwa wakili au mahakamani inatosha, ikionyesha kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Kama majina yamebadilika kabisa itabidi hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na uiulizie mapema kwenye ofisi husika usije ukatengeneza karatasi ambayo haitakiwi.

Kama hana kitambulisho cha NIDA kabisa, anza kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji upate barua ya utambulisho. Cheti cha kuzaliwa kama hana, usajili wa waliochelewa unafanyika chini ya RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Mwaka wa kuzaliwa kama haukumbuki, msaidie kwa matukio. Alikua na umri gani wakati wa vita ya Kagera 1978? Alikua ameshaanza shule watu walipohamishiwa vijijini mwanzoni mwa miaka ya 70? Serikali ilipoamua mwaka 1973 makao makuu yaje Dodoma yeye alikua anachunga au ameshaoa? Kwa mtindo huo mnafika kwenye mwaka wa kweli. Na uwe wa kweli jamani, msiongeze miaka ili afikishe 60 haraka, ikija kugongana na karatasi nyingine mnapoteza vyote.

Ukimaliza hapo toa kopi tano tano za kila kitu steshenari, weka kwenye bahasha ya plastiki. Orijino zisiachwe ofisi yoyote.

Hatua ya 3: Michango yake ya zamani

Hapa ndo nitakaa muda mrefu kidogo.

Mtu yoyote aliewahi kuajiriwa sekta binafsi, awe mlinzi, mpishi wa hoteli, dereva, fundi wa kampuni ya ujenzi, mwajiri wake alitakiwa kumpelekea michango NSSF, jumla asilimia 20 ya mshahara, na sehemu inayokatwa kwa mfanyakazi haitakiwi kuzidi asilimia 10. Waliokua serikalini wako PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, ambao ulianza 2018 baada ya kuunganishwa mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF, kwaiyo mzee akikwambia "mi nilikua LAPF na imekufa", mwambie haijafa, iko PSSSF.

Nenda nae ofisini uombe taarifa ya michango yote, mwezi kwa mwezi. Sio salio tu. Ukishaipata kaa chini uilinganishe na daftari la hatua ya 1.

Sisi tulipofanya hivyo, miaka 11 ya kazi ilikua na michango ya miaka minne na kidogo. Salari slipu za baba zinaonyesha amekatwa kila mwezi, hela haikufika. Kilichotuokoa ni kwamba mama alikua amezihifadhi kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati, zimeliwa na mende pembeni lakini zinasomeka. Tuliandika barua ya malalamiko tukaambatanisha kopi, tukapeleka kwa mkono, tukagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu, alafu tukawa tunarudi kila baada ya wiki tatu. Ilichukua zaidi ya mwaka. Haikulipwa yote lakini iliyolipwa ilimaliza deni la kausha damu na tukaezeka chumba cha nyuma ambacho sa hivi kina mpangaji. Kwaiyo usikate tamaa, na usikubali kujibiwa kwa mdomo tu, kila jibu omba jina la alielijibu na tarehe, andika kwenye daftari.

Mambo ya kujua kabla hamjaenda: kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima ni 60. Ili mtu apate pensheni ya kila mwezi anatakiwa awe na michango isiyopungua miezi 180, yani miaka 15. Asiefikisha hapotezi, analipwa mkupuo. Ndo maana kila mwezi mlioufufua una thamani, mtu mwenye miezi 170 kwenye mfumo na salari slipu za mwaka mzima ambao haukupelekwa huyo sio mtu wa mkupuo, huyo ni mtu wa pensheni. Na kama bado ana nguvu ya kufanya kazi, uliza kuhusu kuchangia mwenyewe kama mtu aliejiajiri, NSSF inapokea mama ntilie, machinga, bodaboda, mkulima.

Kama ameachishwa kazi juzi tu bila utaratibu, acha kila kitu ukimbie CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kuachishwa kazi kwa uonevu mwisho wa kulalamika ni siku 30, madai mengine siku 60, ukichelewa unaanza kuomba kuongezewa muda na hiyo ni safari nyingine. Alieumia kazini nae ana haki kwenye mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, hata kama bosi alimpa elfu hamsini ya dawa akamwambia yameisha.

Hatua ya 4: Ziba tundu la matibabu

Presha na sukari ndo vinakula hela za wazee wetu. Mtu anaingiza elfu tano kwa siku, dawa za mwezi elfu arobaini, hapo hakuna mtaji utakaokua.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kua ni wa miaka 60 na kuendelea na inaelekeza wasiojiweza watibiwe bure kwenye vituo vya serikali. Lakini huwezi kwenda dirishani ukasema tu nina miaka 60. Jina linaanzia mtaani kwa mwenyekiti, linapita kwa mtendaji, linafika kwa afisa ustawi wa jamii, ndo anapata kitambulisho cha msamaha. Fatilia mpaka kadi iwe mkononi maana orodha huwa zinalala kwenye mafaili. Alafu anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, ukiwa Makole anzia Makole, upewe rufaa kwenda hospitali ya mkoa au Benjamin Mkapa. Ukiruka ngazi mara nyingi unaambiwa ulipe.

Nikuambie na ukweli mwingine, kadi ya bure na dawa kuwepo ni vitu viwili tofauti. Mwambie daktari wazi kwamba mzee hana uwezo wa kununua nje, aandike dawa ambayo ipo pale stoo kama inafaa. Wengi hawasemi, wanapokea karatasi wanaenda kuuza kuku.

Bima ya kaya nayo usiiache. CHF iliyoboreshwa imekua ikichangiwa elfu 30 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na mwaka 2023 Bunge hapahapa Dodoma likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, kwaiyo pale kituoni uliza utaratibu unaotumika sasa, hasa kama mzee analea wajukuu, maana msamaha ni wa mzee peke yake wale watoto hawamo.

Hatua ya 5: TASAF

Kwa kifupi. Mpango wa TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, wa kunusuru kaya maskini haujazwi fomu siku yoyote unayotaka, majina yanaibuliwa kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa alafu yanahakikiwa. Maana yake siku ya mkutano mzee awepo, au awepo mtu wa kumsemea. Nimeona bibi wa watu anaeishi na wajukuu watatu akakosa kwa sababu siku ile alikua kwenye kokoto na hakuna alielitaja jina lake. Kwenye mpango kuna ruzuku, kuna ajira za muda, kuna vikundi vya kuweka akiba. Zile kazi za ajira za muda ni za mtu mwenye nguvu kwenye kaya, asilazimishwe mzee mgonjwa kuchimba lambo.

Hatua ya 6: Kazi ile ile, ila imlipe zaidi

Sipendi ule ushauri wa kumwambia mzee wa miaka 65 aanze biashara mpya kabisa. Anza na mikono yake inachojua.

Kama ni fundi, muashi, seremala, mpaka rangi, mpishi, na hana cheti, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani. Anapimwa anachokijua, anajaziwa mapengo, anapata cheti. Dodoma ilivyojaa majengo sa hivi muashi mwenye cheti anaweza kusimamia vijana badala ya kubeba zege mwenyewe, na mgongo wake unapumzika.

Kama ni mkulima wa huku kwetu, angalia kalenda. Mvua ni moja, inaanza Desemba inaisha kama Aprili, njaa inabana Januari na Februari, hela inaonekana kuanzia mavuno. Wazee wengi wanauza alizeti yote shambani kwa sababu kuna deni linasubiri, alafu Januari wananunua mafuta na unga kwa bei ya juu. Ukimsaidia kubakiza hata magunia mawili, akakamue, mafuta auze kwa lita na mashudu yalishe kuku, umemsaidia kuliko kumpa laki. Na mtama na uwele visidharauliwe, mahindi kwenye ukame wetu ni kamari na mzee hana umri wa kucheza kamari.

Kama anauza mlenda mkavu, ubuyu, karanga, tatizo huwa ni sehemu na ufungashaji. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanafundisha usindikaji. Kitambulisho cha mjasiriamali mdogo kinamsaidia asisumbuliwe barabarani, na namba ya mlipakodi (TIN) TRA ni bure. Wazee wanaiogopa TRA sana, mtoe hofu: mfanyabiashara mdogo ambae mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 4 hatozwi kodi ya mapato.

Na kuna hili ambalo wengi hawalijui, linaniuma kweli. Sheria ya ununuzi wa umma inataka taasisi za serikali zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalum, na makundi hayo ni wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na WAZEE. Wametajwa. Hapa mjini kuna wizara zote, kuna shule, kuna hospitali, kila siku wananunua sare, mapazia, usafi, chakula cha vikao, na karibu vikundi vyote unavyovisikia ni vya vijana na akina mama. Wazee watano sita mafundi cherehani wakiungana, wakasajili kikundi kwa afisa maendeleo ya jamii, wakawa na akaunti ya benki na TIN, wanaweza kuingizwa kwenye NeST, mfumo wa zabuni za serikali, wakashindania hizo kazi. Mfumo ni wa kompyuta, hapo ndo mjukuu aliemaliza chuo anaetafuta kazi anapata kazi ya kwanza, kua karani wa kikundi cha babu zake.

Hatua ya 7: Akiba, na mkopo kama umelazimu

Kikoba cha mtaani kizuri kina dalili zake. Hesabu zinasomwa mbele ya wote, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, kuna mfuko wa jamii wa msiba na ugonjwa, na kimesajiliwa halmashauri kama inavyotaka sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018. Mzee aingie kwenye chenye watu anaowafahamu na hisa anayoiweza hata wiki mbaya.

Mikopo ya halmashauri haina riba. Ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Mama wa miaka 66 anaingia vizuri tu kwenye kikundi cha wanawake, mzee mwenye ulemavu nae ana fungu lake. Lakini baba mzee asie na ulemavu hana fungu, na mimi nalisema kila mkutano ninaokaa na nitaendelea kulisema, haiwezekani kwenye zabuni wazee wanatajwa alafu kwenye mkopo wasahaulike. Zanzibar wameanza kulipa pensheni jamii kwa kila mwenye miaka 70 tangu 2016, huku Bara hatuna, basi angalau hili la mkopo. Baraza la wazee la kata yako likae liandike barua kwa diwani. Msipoandika hakuna atakaejua.

Kausha damu sasa. Piga nae hesabu kwenye daftari kabla hajachukua. Laki mbili, marejesho elfu kumi kila siku kwa siku 30, hiyo ni laki tatu. Genge lake linampa faida elfu sita au saba kwa siku. Elfu tatu au nne inayopungua kila siku inatoka wapi? Inatoka kwenye mtaji wenyewe, kwaiyo siku ya 30 deni limeisha, faida yote ya mwezi imeenda na kama nusu ya mtaji imeliwa. Wengi hawajawahi kuiona hiyo hesabu ikiandikwa, wanaona elfu kumi kumi tu. Mkopeshaji yoyote muulize leseni ya Benki Kuu, soma mkataba wote kwa sauti ukiwa na mzee, na anaetaka kushika kadi ya benki ya mzee au kitambulisho chake, ondokeni. Kiwanja kisiwekwe dhamana kabisa. Bei za viwanja Dodoma zilivyopanda tangu serikali ihamie, kuna watu wanakopesha laki tano huku macho yako kwenye kiwanja cha milioni kumi. Kama limeshatokea, tafuteni wasaidizi wa kisheria kwenye kata au afisa maendeleo ya jamii awaunganishe, msaada wa kisheria ni bure kwa asie na uwezo, kuna sheria yake ya mwaka 2017.

Hatua ya 8: Linda kilichopatikana

Hela zikishaanza kuingia watu wanaongezeka nyumbani. Namba ya siri ya simu aijue mwenyewe, kama macho hayaoni vizuri achague mtu mmoja wa kumsaidia na kila muamala uandikwe kwenye daftari siku hiyohiyo. Kwenye mfuko wa hifadhi hakikisha majina ya wategemezi yamesahihishwa, nimekuta mzee ameandika mke aliefariki zamani na watoto wawili wa mwisho hawamo kabisa. Nyumba na shamba aandike wosia akiwa na akili zake timamu, RITA wanauandaa na kuutunza, na pale kwenye daftari mwandike tu umehifadhiwa wapi na nani anajua.

Alafu kila ofisi mnayoenda, nendeni asubuhi, mbebeeni mzee maji na kitu cha kula, na muache aongee yeye mwenyewe.